Darubini Haipimwi Ndani

Jumanne, 16 Septemba

Mvua ya kwanza. Imeshuka saa nane mchana na kwa nusu saa njia yetu hapa Kadutu imegeuka mto wa matope. Viatu, chupa, hata beseni la mtu vimepita mbele ya mlango wa duka.

Nimenunua daftari hili kwa sababu mama amechoka kunisikiliza. Amesema: "Chadia, mambo yako andika. Masikio yangu iko na miaka soixante-quatorze, sabini na nne, na yenyewe inataka kupumzika." Basi naanza kama mwanafunzi. Mimi ni Chadia, binti wa marehemu mzee Nasoro fundi saa, mjane, miaka arobaini na sita, mwoga. Naishi na mama, Bi Bintu, nyuma ya duka alilotuachia baba. Nauza miwani ya kusomea, betri, saa za ukutani, na zile darubini ambazo hapa kila mtu anaziita jumelle.

Tangu mwezi wa pili, wale wa juu walipokaa kwenye kilima, biashara imelala. Tunawaita hivyo tu, wale wa juu. Jina lao halisi hakuna anayelitaja sokoni.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua. Hakuna mteja. Mama amenisonya mara nne.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku njema, niandike yote.

Saa tisa alasiri Colombe aliingia akicheka. Colombe anauza vitenge ng'ambo ya njia, miaka kumi na moja tunatazamana mlango kwa mlango. Nyuma yake alikuja mkulima mrefu mwenye buti za mpira, tope limemfika magotini.

"Maman Chadia, nakuletea kiliya, mutu wa kununua. Ni wa kwetu, wa (jina la kilima nimelifuta). Huyu njo Papa Nguruwe."

Mwenyewe alicheka. "Ni utani yake, lakini ni ya kweli, maman. Banguruwe ya pori batanimaliza. Mwaka ule balikula maharage yote, mpaka mbegu tukakosa."

Akanieleza kazi yao. Nguruwe hutoka ukingoni mwa msitu jua likizama na kuingia mashambani. Wanaume wanane wanakaa chini na mikuki na nyavu, na mbwa wamefungwa njuga shingoni. Yeye anakaa peke yake juu ya mgongo wa kilima. Akiona nguruwe wanaingilia wapi, anapiga filimbi, moja kwa kulia, mbili kwa kushoto, na wenzake wanakata njia. Bunduki hawana, na siku hizi kuwa nayo ni kujiitia kifo. Lakini macho yake yana miaka hamsini na tisa, na jioni nguruwe na kisiki vinafanana.

Kama wote, alikimbilia ile nyekundu. Ni trente fois soixante, yaani inavuta mara thelathini, kubwa, lenzi zinang'aa kama kioo cha pikipiki. Wateja wote wanaipenda na baba aliichukia.

"Papa," nikamwambia, "ile namba ya kwanza inavuta nguruwe karibu, ni kweli. Lakini inavuta na mutetemeko ya mukono yako. Utaona nguruwe iko nacheza."

"Acha nijaribu."

Hapo nikafuata sheria ya baba. Darubini haipimwi ndani. Dukani kila kioo ni kizuri. Mteja lazima apande paani, asubiri mwanga upungue, aangalie mbali, na aangalie mstari, waya wa umeme au ukingo wa bati. Macho mawili yakiona mstari mmoja, ni nzima. Yakiona miwili, hata ingekuwa ya dhahabu, rudisha sandukuni.

Tukapanda kwenye paa letu la saruji. Aliinua ile nyekundu na jua la saa kumi na moja likaipiga usoni. Chini Colombe akapiga kelele: "Eee, inawaka!" Papa Nguruwe akaishusha akisema dunia nzima inatetemeka. Nilicheka sana.

Kisha nikampa ya baba mwenyewe, huit fois quarante-deux, ya mara nane tu, ngozi imechakaa, kioo chake hakimeti. Alitazama kilima cha mbele mpaka kiza kikaanza kushuka. Nyekundu ingekuwa imeshapofuka saa ile. Mwishowe akasema polepole: "Maman, minaona masikio ya mbuzi."

Nikamkumbusha desturi ya duka. Barabara zetu zinapinda kila kitu, na vioo vya ndani pia. Kwa hiyo kila mnunuzi anatumia mwezi mmoja, kisha anarudi tumnyooshee bure. Baba alinifundisha kunyoosha nikiwa na miaka kumi na tatu. Chini ya ngozi kuna skrubu mbili ndogo kuliko punje ya ulezi, na robo ya mzunguko inatosha.

"Samedi ya huit novembre niko hapa," akasema, yaani Jumamosi tarehe nane. Malipo aliahidi gunia kubwa la maharage wakivuna. Akaivaa shingoni, akaweka shati juu yake, akaenda zake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua asubuhi, mvua jioni. Ukuta wa jirani wa chini umeanguka. Hakuna aliyeumia.

Jumanne, 14 Oktoba

Mkono unaandika vibaya, mtanisamehe. Sijui namwomba nani msamaha.

Saa nne asubuhi wanaume wawili wenye bunduki walisimama nje ya mlango, mgongo kwetu. Wa tatu akaingia. Hana sare. Ana koti la kahawia, amenyoa vizuri, na anaongea taratibu kama karani wa parokia.

"Bonjour, maman. Ni nani alipanda kwa hii paa, samedi ya juma moja na nusu nyuma, na kitu ya kuwaka?"

Nikasema: "Ni miye, chef. Tulikuwa napima jumelle."

"Weye na nani?"

"Na mutu wa kununua."

"Jina yake?"

"Sikumuuliza."

Akaniangalia. Kutoka chumba cha nyuma mama akapaza sauti: "Huyu mutoto haulizaki majina, chef! Hata ya bwana yake aliijua kisha ndoa!"

Hakucheka. Alitembeza kidole juu ya kioo cha sanduku, darubini baada ya darubini. "Ile jioni tuliona mwangaza inatupiga machoni, kule juu. Kuko batu banatuangalia, maman. Ule mutu akirudi, utatuma mutu aniite. Sawa?"

"Sawa, chef."

Wakaenda. Nilikaa chini sakafuni nyuma ya meza. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata mume wangu alipokuwa anakata roho.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefungua daftari hili nikaona nimeandika jina la kilima. Nimelifuta kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Jina la mtu namshukuru Mungu sikuliandika, nilishika utani wa Colombe tu.

Mama ananiuliza naogopea nini kama mtu mwenyewe yuko mbali. Nimemweleza. Tarehe nane Papa Nguruwe atashuka kwa miguu yake mpaka mjini, apite barrière, kizuizi cha wale wa juu, na darubini kifuani, kwa sababu mimi nilimwambia arudi. Hana simu inayoshika kule. Watamuuliza anaangalia nini na hiyo kitu, naye atajibu kweli: nguruwe. Nani atamwamini?

"Basi tuombe," mama akasema. Tumeomba.

Jumapili, 19 Oktoba

Kila pikipiki ikisimama nje, nachungulia kwanza.

Jumatano, 22 Oktoba

Yule wa koti la kahawia alirudi, peke yake. Hakukuwa na mvua, mbingu safi.

"Leo nakuya kama kiliya," alisema. "Nataka jumelle. Na miye nitabaangalia bale banatuangalia. Nichagulie."

Nichagulie! Miaka ishirini watu wananiambia neno hilo na halijawahi kunitisha. Nikafikiri haraka, nikifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kutoka kule juu kwao, mtu mwenye kioo kizuri ataona mpaka mgongo wa kilima cha Papa Nguruwe. Jioni ataona mwanaume amekaa juu peke yake na filimbi, na chini wanaume wanane wamejipanga na mikuki. Kwa mtu mwenye wasiwasi hao si wawindaji. Hatatuma mtu kuuliza kama ni nguruwe. Atatuma risasi.

Sandukuni kilichobaki ni ile nyekundu na nne za kuchezea watoto. Mkono wangu ukaichukua nyekundu, ile inayopofuka jioni. "Hii njo munene yote, chef. Trente fois."

Akapenda, kama wote. Akataka tupande paani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona ngazi ya baba kuwa ndefu. Aliegemeza viwiko juu ya ukuta mdogo, kwa hiyo haikumtetemekea sana. Mwanga ulikuwa wa saa tano, kila kitu kinaonekana. Alifurahi. Alihesabu nguo zilizoanikwa kambini kwao.

Kisha akaniuliza, bila kuishusha: "Inaweza na mvua?"

Baba hakuwahi kumdanganya mteja. Ile nyekundu haina mpira wowote wa kuzuia maji ndani. Mvua mbili tu na ukungu unaingia kati ya vioo, hautoki tena.

"Inaweza," nikasema.

Bei sikutaja, naye hakuuliza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mbingu ni nyeusi upande wa ziwa. Isinyeshe, ya Rabi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Imenyesha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Imenyesha tena, na mawe. Niliota nampelekea yule mtu kitambaa cha kufutia kioo. Nimekuwa mtu wa kuangalia mawingu kama mama mkwe anavyoangalia sufuria ya bibi harusi. Kila tone linaingia ndani ya ile darubini, na akijua nilimdanganya, atajiuliza kwa nini.

Jumatano, 29 Oktoba

Leo nimeona kitu kibaya. Koti la kahawia lilisimama mbele ya vitenge vya Colombe. Waliongea, Colombe kichwa chini. Alipoondoka, Colombe alikunja kitenge kilekile mara tatu na hakuangalia upande wangu.

Nimeanza kuhesabu. Nani alipiga kelele "inawaka" mpaka njia nzima ikasikia? Nani alijua siku, saa, paa? Hata hapa Bukavu yenye vilima vyote hivi, walijuaje kwamba paa ni langu? Mwangaza hauna anwani. Mama anasema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na moja nimekula futari na mwanamke huyu, anakuja kila Ramadhani na sambusa zake mbaya. Leo nimemwogopa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sina mtu mwingine wa kumpelekea Papa Nguruwe habari. Nimezunguka kichwani siku mbili. Mimi nikipanda kilima chake, watauliza Mwislamu wa Kadutu ana nini kule. Colombe ni wa kule, mama yake amezikwa kule, na Jumapili ni siku ya marehemu, Wakatoliki wote wanakwenda kusafisha makaburi. Barrière wanapita.

Saa sita nilivuka njia. Nilisimama kati ya vitenge nikashindwa kuanza. Kama ni yeye aliyenichoma, basi sasa nampa na kisu.

"Colombe, utaenda kwa kaburi ya maman?"

"Nitaenda kesho."

"Mwambie Papa Nguruwe asishuke. Ile kitu aifiche, ao aizike. Asikuye tarehe nane. Banamutafuta."

Akasema: "Najua kama banamutafuta." Kisha: "Nitamwambia."

Alijuaje? Sikumuuliza. Nimerudi dukani nikiwa sijui kama nimemwokoa mtu au nimemuuza.

Jumatatu, 3 Novemba

Duka la Colombe limefungwa. Alisema atarudi leo.

Jumanne, 4 Novemba

Limefungwa. Mvua kutwa.

Jumatano, 5 Novemba

Limefungwa. Sili. Mama naye amenyamaza, na mama akinyamaza mambo ni mabaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Amerudi! Alasiri, amelowa, kikapu cha sombe, majani ya muhogo, kichwani. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni kwetu, akamwaga majani sakafuni. Chini yake, ndani ya kitenge cha zamani, darubini ya baba.

"Njia ilikatika, mulima ilishuka," alisema. "Siku tatu tulingoja. Papa Nguruwe anakusalimia. Anasema hawezi kuzika kitu ya mutu, ni vibaya, nikurudishie weye mwenyewe. Banguruwe atabaangalia na macho yake."

"Umepitisha hii kwa barrière?"

"Askari alichoma sombe na ncha ya bunduki. Ilipita pembeni." Akaonyesha kwa kidole nafasi ilivyokuwa, ndogo tu. Kisha akaanza kulia, wala si kwa sababu ya bunduki.

"Maman Chadia, ni miye njo nilibaonyesha paa. Balikuya juma ile, baliniuliza mwangaza ilitoka kwa nani. Kidole ilipanda yenyewe. Na juma ingine alirudi kuniuliza tena jina ya mutu, nikasema sijue, nikasema sijue, mpaka akachoka."

Kwa hiyo nilikuwa nimehesabu sawasawa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika nisimwachie. Sikufanya lolote kati ya hayo, nilibaki na sombe mikononi kama mjinga. Mama ndiye aliyesogea, akamvua kilemba kilicholowa, akasema: "Woga ni woga. Huyu naye alidanganya mutu wa bunduki kuhusu mvua. Mukae chini, munywe chai, bote babili munanuka kama kondoo."

Tulikunywa chai. Sijamsamehe yote. Nimemsamehe nusu.

Jumamosi, 8 Novemba

Papa Nguruwe hakuja. Alhamdulillah.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua imeleta mtu wake.

Aliweka ile nyekundu juu ya meza. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu mweupe mzito, na tone moja la maji likitembea.

"Ulisema inaweza na mvua."

"Chef, mvua ya mwaka hii..."

"Nyamaza." Sauti haikupanda, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Nimefikiri sana. Ule mutu wa paa hakutoka hapa mukono mutupu. Hii nyekundu ilibaki, niliikuta. Alibeba nyingine. Nzuri. Njo ile nataka. Nakuya samedi. Utakuwa umeipata, na mutu wake, ao nitafungua kila sanduku ya hii nyumba miye mwenyewe."

Darubini ya baba ilikuwa hatua sita kutoka pale, ndani ya gunia la mchele.

Alhamisi, 13 Novemba

Nikiificha ataipata, au ataendelea kumtafuta mwenyewe mpaka ampate kilimani. Nikimpa nzima, nimempa macho ya kuona mikuki ile minane. Nikiivunja atajua nimeivunja. Mama anasema heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini nusu iko wapi?

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeiona nusu.

Baada ya swala ya adhuhuri nimefunga mlango wa jikoni. Nimeinua ngozi ya darubini kwa ncha ya kisu, nikachukua bisibisi ya baba yenye mpini wa pembe, nikageuza skrubu ya kulia. Robo, kisha robo nyingine, nikaendelea mpaka karibu mzunguko mzima. Nikarudisha ngozi kwa gundi.

Miaka thelathini na zaidi nimenyoosha. Baba alisema kazi yetu ni kufanya macho mawili yakubaliane. Leo kwa mkono wangu nimeyagombanisha. Nililia kidogo, halafu nikapika.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike polepole nisiruke kitu.

Alikuja saa tano, na wale wawili. Nilikuwa nimeiweka juu ya meza mbele ya macho yote. Colombe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mama. Hakuitwa, alivuka njia mwenyewe alipowaona.

"Ni hii, chef," nikasema. "Njo ile alibeba. Aliirudisha."

"Lini?"

"Juma ya kwanza ya mwezi hii. Ile siku ulikuya, niliogopa kusema. Alituma mwanamuke wa soko. Alisema ni mubaya, hataki tena, inaonyesha vitu mbili mbili. Hakukuya tena."

Akaitwaa. Nikamwambia: "Darubini haipimwi ndani, chef," kwa sababu nilitaka aone vizuri ubovu wake. Akatoka mpaka mlangoni, akaiinua kuelekea kilimani kwao. Niliona shingo yake inakakamaa. Akaishusha, akafumba macho, akainua tena.

"Kuko milima mbili," alisema. "Na kichwa inauma."

"Njo sababu aliirudisha."

Nikafikiri imekwisha. Akageuka, akaangalia juu ya mlango, pale palipo na kibao cha baba ambacho nimekipita maisha yangu yote bila kukisoma: HORLOGERIE NASORO, na chini yake, kwa herufi ndogo, TUNANYOOSHA JUMELLE.

"Inyooshe," akasema. "Hapa. Mbele yangu."

Akavuta kiti. Nilikaa. Mama alianza kusoma sura kwa kunong'ona. Nilichukua bisibisi, nikainua ngozi, na skrubu ikaonekana. Nilijua ni mzunguko gani na upande gani, niliugeuza jana yake tu. Nilikuwa nimepanga kudanganya, kuzungusha ovyo, kujifanya sijui. Sikuhitaji. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba ncha haikuingia penyewe. Iligonga chuma, ikateleza, ikakwaruza, ikaanguka. Nikaiokota. Ikaanguka. Sikuwa najifanya, Mungu ni shahidi. Niliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto na yote miwili ikatetemeka pamoja. Jasho lilidondoka juu ya kioo.

Mara ya tano ilipoanguka, mmoja wa wale wa mlangoni alicheka. Yule wa koti hakucheka, alinitazama mikono kwa kuchoka, kama mtu anayetazama nyama iliyooza.

"Baba yako alikuwa fundi," alisema. "Weye uko natetemeka hivi, utanyoosha nini? Na ule mutu, kama ni kitu hii alikuwa nayo, hakuona kitu." Akaisukuma juu ya meza. "Bukavu muzima, hakuna jumelle."

Wakatoka. Colombe alifunga mlango. Mama alimaliza sura yake yote, akasema amina.

Nimeogopa maisha yangu yote na nimeona aibu kwa hilo. Leo ni woga tu uliotuokoa, mimi na mtu wa kilimani. Haunifurahishi hata hivyo.

Jumanne, 18 Novemba

Bado natetemeka. Nimevunja kikombe.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Wanasema yule wa koti amepelekwa kwingine. Wanasema pia hapana. Nimeondoa kibao cha baba juu ya mlango, nimekiweka chini ya kitanda cha mama.

Jumanne, 9 Desemba

Leo mteja wa saa amenirudishia saa yake. "Maman, mushale imepindika." Zamani haingetokea.

Jumamosi, 20 Desemba

Colombe ametoka kilimani na maharage mapya, gunia dogo. Papa Nguruwe aliahidi kubwa. Shamba la chini lote nguruwe wamelila. Jioni moja alipiga filimbi mbili kwa kisiki, na nguruwe wakapita upande mwingine. Mbwa mmoja amekufa. La juu limepona, watoto wanakula, naye yu mzima, amekonda.

"Alitaka kutuma na nyama," Colombe akasema, "nikamwambia, papa, kwa nyumba ya Bi Bintu? Atakutupia na sufuria."

"Na sufuria ya mwenyewe," mama akajibu kutoka ndani.

Kisha Colombe akasema lile lililomleta. Papa Nguruwe anauliza kama maharage ya pili yakipandwa anaweza kupata tena kitu yake. Hatashuka. Colombe atapandisha, chini ya sombe.

Nikaitoa kwenye gunia la mchele. Nikafunga mlango wa jikoni, nikashusha pazia. Hapakuwa na askari, hapakuwa na koti, maharage yalikuwa yanachemka. Nikainua ngozi, nikachukua bisibisi, na mkono ukaanza tena kutetemeka.

Nilingoja. Nilikunywa maji. Nikajaribu tena na ncha ikagonga chuma, ikateleza, sauti ileile ya siku ile. Nilidhani mtetemeko uliondoka na wale watu. Umebaki kwangu. Mwezi mzima nilikuwa nauficha mifukoni, nawapa wateja betri kwa mkono wa kushoto.

"Siwezi, Colombe. Ilikwisha."

Colombe alikuja nyuma ya kiti changu. Alinishika vifundo vya mikono, vyote viwili, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kubeba marobota. Na mikono yake ilikuwa inatetemeka pia, nilihisi. Lakini haikutetemeka kwa wakati mmoja na yangu, na kati ya huku na kule ncha ikapata mahali pake. Robo. Robo. Robo. Na kidogo tena.

Paani hatukupanda. Baba anisamehe, nimeipima ndani. Nilisimama mwisho wa jikoni, gizani, nikainua pembe ya pazia kiasi cha kioo kimoja na kingine, nikaangalia mwisho wa ua, kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Kamba ilikuwa moja.